Git kugoma kwenye diski ya mtandao (Z:): chanzo cha kila kosa na namna ya kulimaliza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za kazi.

Swali la Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi) kugoma kwenye diski ya mtandao linarudi kila mara, na jibu linalotolewa ni la mstari mmoja: weka nyota (`*`) kwenye `safe.directory`, mpangilio wa Git unaotaja folda unazoziamini, endelea na kazi. Jibu hilo linanikera. Linanyamazisha kosa bila kumweleza mtu limetoka wapi, na baada ya muda anarudi na kosa jingine, safari hii faili zimeharibika. Nimeamua kuyaweka yote mahali pamoja. Nitazungumzia zaidi Windows na SMB (njia ambayo Windows hutumia kugawana folda kwenye mtandao) kwa kuwa huko ndiko herufi za diski ziliko, ila wanaopachika folda ya mtandao kwenye Linux nao watakuta yanayowahusu.

Kwanza tuelewane Z: ni kitu gani. Ni jina la mkato ambalo Windows imeipa njia kama `\\seva\miradi`, na jina hilo linaishi ndani ya kikao ulichoingia nacho wewe. Kila faili unayoigusa humo ni ombi linalosafiri hadi mashine nyingine. Mashine hiyo ndiyo inayosema faili ni ya nani, nani anaruhusiwa kufuta, na nani ameishikilia kwa sasa. Git nayo imezoea diski iliyo ndani ya kompyuta: inakagua hali ya kila faili, inaunda faili za muda, inazibadili majina, inafuta za kufuli, yote kwa haraka haraka. Karibu kila kosa mnalolileta hapa linazaliwa pale tabia hizo mbili zinapokutana.

Kosa la umiliki

Hili ndilo linalowasumbua wengi:

```
fatal: detected dubious ownership in repository at '//seva/miradi/duka'
'//seva/miradi/duka' is owned by:
        'S-1-22-1-1001'
but the current user is:
        'S-1-5-21-...-1104'
To add an exception for this directory, call:

        git config --global --add safe.directory '%(prefix)///seva/miradi/duka'
```

Ukaguzi huu uliingia na toleo 2.35.2, Aprili 2022, kuziba mwanya wa usalama unaojulikana kama CVE-2022-24765. Mwanya wenyewe ulikuwa hivi: kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mtu angeweza kuunda folda `C:\.git` (`.git` ndiyo folda ambamo Git inaweka historia na mipangilio ya mradi) na kuweka humo mipangilio inayoita programu yake. Wewe ukiandika `git status` kwenye folda yoyote isiyo na repo (mradi unaotunzwa na Git) chini ya C:, Git inapanda ngazi kwa ngazi kutafuta `.git`, inaikuta hiyo ya juu, na programu ya mwenzako inaendeshwa kwa mamlaka yako. Tangu hapo Git inauliza kwanza folda ni ya nani ndipo isome mipangilio yake. Mwanzoni ujumbe ulisema `unsafe repository`, siku hizi unasema `dubious ownership`. Jambo ni lilelile.

Sasa angalieni hizo SID mbili (namba za utambulisho wa akaunti kwenye Windows) kwa makini, maana ndiyo siri yote. Inayoanza na S-1-5-21 ni akaunti ya kawaida ya Windows, yaani wewe. Ile S-1-22-1-1001 imetoka Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux au Unix kugawa folda kwa SMB, na maana yake ni mtumiaji wa Unix mwenye namba 1001 kule kwenye seva au NAS (kisanduku cha kuhifadhi faili kwenye mtandao). Windows yako haimjui. Hata kama umeingia kwenye NAS kwa jina lako na nenosiri lako, namba hizi hazitalingana, kwa hiyo Git inaona folda ya mgeni. Ndiyo sababu wanaofungua Properties, Security, Advanced na kujaribu kubadili Owner wanachoka bure: mara nyingi seva inakataa tu.

Tiba ni kuitaja repo hiyo kuwa unaiamini, kwa amri ambayo Git yenyewe imekupa. Lakini hapo ndipo mitego ilipo.

Mtego wa kwanza ni kuandika `Z:/duka`. Git huifuatilia Z: hadi njia yake halisi kabla ya kulinganisha, kwa hiyo jina inalolitafuta ni `//seva/miradi/duka`. Nakili njia kama ilivyo kwenye ujumbe, na kama seva umeiita kwa namba ya IP, itabaki namba ya IP.

Mtego wa pili ni mikwaju. Ukiandika `//seva/miradi/duka` peke yake, Git ya Windows inakuonya hivi:

```
warning: encountered old-style '//seva/miradi/duka' that should be '%(prefix)//seva/miradi/duka'
```

Usifuate onyo hilo neno kwa neno. Kwa njia ya mtandao inatakiwa mikwaju mitatu baada ya `%(prefix)`: mmoja ni wa `%(prefix)/` yenyewe, miwili ni mwanzo wa njia ya seva. Ukiweka miwili, njia hailingani na ile ya seva, na kosa linabaki palepale.

Mtego wa tatu ni nukuu. Ujumbe umeandikwa kwa nukuu moja (`'`), na kwenye Git Bash na PowerShell inakubali. Kwenye CMD nukuu moja ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo inahifadhiwa pamoja na njia na hailingani na kitu chochote. Kwenye CMD andika nukuu mbili:

```
git config --global --add safe.directory "%(prefix)///seva/miradi/duka"
```

Ukiiweka ndani ya faili ya `.bat`, alama ya asilimia iandike mara mbili, `%%(prefix)`, la sivyo CMD itaimeza.

Na usiiandike ndani ya `.git/config` ya repo yenyewe. Git haiisomi huko, na ina haki: aliyetega mtego angejiandikia mwenyewe kwamba anaaminika.

Kuhusu nyota: `safe.directory = *` ilikubaliwa kuanzia 2.35.3, na inazima ukaguzi wote kwenye kompyuta nzima. Kwenye folda inayoandikwa na watu wengi, unazima ulinzi mahali hasa unapohitajika. Kama una repo nyingi chini ya folda moja, toleo 2.46 na kuendelea linakubali `/*` mwishoni mwa njia, yaani unaamini repo zilizo chini ya folda hiyo tu.

Kufuli lililobaki

```
fatal: Unable to create '//seva/miradi/duka/.git/index.lock': File exists.
```

Git ikitaka kubadili `index` (faili yenye orodha ya ulichokiandaa kukomiti) inaandika `index.lock`, ikimaliza inaibadili jina iwe `index`. Mtandao ukikatika katikati, kufuli linabaki. Kila mtu anajua kulifuta. Wanachosahau ni kwamba kwenye diski ya mtandao, Git inayolishikilia inaweza kuwa inaendeshwa kwenye kompyuta ya mwenzako, na Task Manager yako haitakuonyesha. Kama seva ni Windows, mwenye seva aandike `Get-SmbOpenFile` kwenye PowerShell aone nani ameshika nini. Ukishahakikisha hakuna, futa.

Likijirudia kila mara, shuku ruhusa. Kwenye folda iliyogawiwa ruhusa ziko za aina mbili, za mgao na za NTFS (mfumo wa faili wa Windows), na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wapo wasimamizi wanaotoa ruhusa ya kusoma na kuandika bila ya kufuta. Git inahitaji kufuta na kubadili majina, vinginevyo inaunda kufuli halafu inashindwa kuliondoa. Jaribu kwa mkono: unda faili ndani ya `.git`, ibadili jina, ifute. Moja kati ya hayo ikikataliwa, umepata jibu na halihusiani na Git.

Faili zilizoharibika

`index file corrupt`, au `object file .git/objects/... is empty`. Hapa muunganisho ulikatika, au seva ilizimika, kabla data haijafika kwenye diski. Kabla ya chochote nakili folda yote ya `.git` pembeni. Ikiwa ni `index` tu, ifute kisha `git reset`. Faili zako za kazi haziguswi, utapoteza tu ulichokuwa umekiandaa kwa `git add`. Ikiwa ni vitu ndani ya `objects`, usianze kushona tundu moja moja. Kloni upya kutoka kwenye nakala nzima, hamishia humo faili ulizobadili, endelea. `git fsck --full` itakuambia hali ya ile ya zamani kama kuna komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia) za kuokoa.

Upole wa `git status`

Hesabu ndogo: repo ya faili 20,000, kila ukaguzi wa faili ukichukua milisekunde 1 kwenda na kurudi, ukikagua moja moja ni sekunde 20. Kwenye diski ya ndani huoni kitu. `core.preloadIndex` inasaidia kwa kukagua kadhaa kwa pamoja, nayo imewashwa tayari kwenye matoleo ya sasa. Wengine wanawasha `core.fsmonitor` wakitegemea muujiza, lakini kwa kawaida inakataa kufanya kazi na repo iliyo kwenye mtandao hadi uiruhusu kwa `fsmonitor.allowRemote`.

Ninachowashauri

Faili za kazi ziwe kwenye diski yako ya ndani. Kwenye mtandao weka repo ya `--bare` tu, isiyo na faili za kazi, ya kusukumia na kuvutia:

```
git init --bare //seva/miradi/duka.git
cd C:/kazi
git clone //seva/miradi/duka.git
```

Kwa mpangilio huu `status`, `add`, `commit` na kubadili tawi havigusi mtandao hata kidogo. Mtandao unaguswa unaposukuma au kuvuta, na ukikatika hapo, nakala yako kamili iko salama mkononi. Ukaguzi wa umiliki unaweza kuihusu hata hiyo `duka.git`, kwa hiyo mstari mmoja wa `safe.directory` bado unaweza kuhitajika. Na kama seva inaruhusu SSH (njia salama ya kuunganisha na seva kwa mbali), tumieni SSH muachane na SMB kwa kazi hii.

Karibuni. Leteni ujumbe wa kosa mzima, msiufupishe.

---

#2 Mchangiaji

Mkuu, uzi umeshiba. Yangu ni tofauti kidogo. Nikifungua CMD kawaida Z: ipo na Git inafanya kazi. Nikifungua kama Administrator naambiwa `The system cannot find the drive specified`. Kompyuta ileile, akaunti ileile.

---

#3 Mleta uzi

Mkuu wa #2, akaunti ni moja ila vikao ni viwili. Msimamizi akiingia kwenye Windows yenye UAC (ulinzi unaoomba idhini kabla ya kutoa mamlaka ya msimamizi) anapewa tokeni mbili, ya kawaida na ya mamlaka kamili, kila moja na kikao chake. Herufi za diski za mtandao zinaandikwa kwenye kikao kilichoziunda. Z: uliiunda kwenye cha kawaida, cha Administrator hakina habari nayo.

Ipo thamani ya rejista inayounganisha vikao hivyo:

```
reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System" /v EnableLinkedConnections /t REG_DWORD /d 1
```

kisha unaiwasha upya kompyuta. Lakini mimi ningeanza na swali: kwa nini Git iendeshwe kama Administrator? Mara nyingi mtu alikutana na `Permission denied`, akadhani mamlaka ya kompyuta yake yatasaidia. Ruhusa za folda ya mtandao zinaamuliwa na seva, na kwa seva wewe ni yuleyule.

Kama kuna sababu ya kweli, tumia njia ya `//seva/...` badala ya herufi. CMD haikubali kusimama kwenye njia ya namna hiyo kwa `cd`, ila `pushd \\seva\miradi` inakubali: inakuundia herufi ya muda, na `popd` inaiondoa.

Hili linawahusu pia wenye Jenkins au kazi za Task Scheduler. Huduma inayoendeshwa kwa akaunti ya mfumo haiioni Z: yako hata siku moja.

---

#4 Mchangiaji

Naheshimu maelezo, lakini naona mnaogopesha watu. Sisi tuko kadhaa, wote tunafanya kazi ndani ya folda moja kwenye Z:, nyota imewekwa kwenye kompyuta zote, na kazi zinaenda. Mambo ya kloni na kusukuma yanawachanganya wasio na uzoefu.

---

#5 Mleta uzi

Mkuu wa #4, nakuelewa, na najua wengi wamepanga hivyo. Nieleze kinachonitia hofu.

Folda moja ya kazi ina `HEAD` (alama ya tawi ulilopo) moja na `index` moja. Mwenzako akiandika `git switch` kwenda tawi jingine, faili ulizozifungua wewe kwenye mhariri wako zinabadilika papo hapo. Ukihifadhi, unaandika maudhui ya tawi la jana juu ya tawi la leo. Ukifanya `git add` na mwenzako naye akafanya yake, komiti ya wa kwanza inabeba kazi za wote wawili chini ya jina lake. Halafu mtu akija kuuliza nani alibadili mstari huu, `git blame` inamtaja asiyehusika. Mpishi mmoja anatia chumvi, wa pili hajui, naye anatia.

La pili ni usalama, na hapa naomba unisikilize vizuri. Yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo anaweza kuweka skripti ndani ya `.git/hooks`. Skripti hiyo inaendeshwa kwenye kompyuta ya kila anayekomiti, kwa mamlaka ya huyo anayekomiti. Haihitaji awe mtu mbaya. Kompyuta moja yenye kirusi inatosha. Ukaguzi wa umiliki upo kwa ajili ya hali hiyo hasa, na nyota imeuondoa kwa wote.

Na nisiwafiche: hata repo ya `--bare` niliyoipendekeza ina sehemu ya hatari hii. Ukisukuma kwa njia ya faili, upande wa kupokea nao unaendeshwa kwenye kompyuta yako, kwa hiyo `post-receive` iliyomo mle inaendeshwa na wewe. Kwa SSH inaendeshwa kule seva. Ndiyo sababu niliitaja SSH mwishoni. Mkibaki na SMB, wapeni ruhusa ya kuandika wale tu wanaohitaji kusukuma.

---

#6 Mchangiaji

Samahani, mimi siwezi kuhamia C:. Tovuti yetu ya majaribio inasomwa na seva ya wavuti moja kwa moja kutoka kwenye folda ya Z:. Nikibadili faili lazima ionekane pale.

---

#7 Mleta uzi

Dada/kaka wa #6, hali hiyo ipo na ina njia mbili.

Kama wewe peke yako ndiye unayefanyia kazi folda hiyo, hamisha `.git` pekee ije kwenye diski ya ndani:

```
cd /z/tovuti
mkdir -p /c/git
mv .git /c/git/tovuti.git
git init --separate-git-dir=C:/git/tovuti.git
```

Faili za kazi zinabaki Z:, na mahali pa folda ya `.git` panabaki faili ndogo yenye mstari mmoja, `gitdir: C:/git/tovuti.git`. Historia, `index` na kufuli vyote vinakaa kwako, kwa hiyo mtandao ukikatika haviharibiki. `status` itabaki nzito kwa sababu faili bado ziko mbali, na `safe.directory` ya folda ya kazi bado utaihitaji. Kutoka kompyuta nyingine repo hiyo haitafunguka, maana C: ya huko ni nyingine.

Njia ninayoipenda zaidi: fanya kazi kwenye kloni ya C:, na ukitaka kuonyesha, peleka. Kwenye Git Bash:

```
git archive main | tar -x -C /z/tovuti
```

Hii inapeleka yaliyokomitiwa tu, na hakuna `.git` inayobaki mahali pa kusomwa na seva ya wavuti. Faida hiyo si ndogo, kwani `.git` ikiachwa wazi kwenye wavuti, mtu wa nje anaweza kupakua historia yenu yote. Angalizo: faili ulizozifuta kwenye repo hazifutwi kule, itabidi uziondoe mwenyewe.

---

#8 Mchangiaji

Wa Linux tupo. Nimepachika folda kwa CIFS (jina la SMB upande wa Linux), `git clone` inakufa hapa:

```
error: chmod on /mnt/miradi/duka/.git/config.lock failed: Operation not permitted
fatal: could not set 'core.filemode' to 'false'
```

Kwa `sudo` inapita. Niendelee na `sudo`?

---

#9 Mchangiaji

Mkuu wa #8 usiendelee na `sudo`, utazalisha tatizo la pili: repo itaonekana ni ya root, na wewe wa kawaida utaanza kupata kosa la umiliki la post #1.

Chanzo ni kwamba folda ilipachikwa na root bila kutaja mwenyewe, kwa hiyo kila faili inaonekana ni ya root. `chmod` inaruhusiwa kwa mwenye faili tu. Taja mwenyewe wakati wa kupachika. Mstari wangu kwenye `/etc/fstab`:

```
//seva/miradi /mnt/miradi cifs credentials=/root/.smb,uid=1000,gid=1000,file_mode=0664,dir_mode=0775 0 0
```

Namba 1000 badilisha iwe inayotoka kwenye `id -u` yako. Hapo umiliki unakuwa wako, `chmod` inapita, na `dubious ownership` inaondoka bila kugusa `safe.directory`. Ukiona baada ya hapo `git diff` inalalamika `old mode 100755`, `new mode 100644` kwenye faili ambazo hukuzigusa, weka `git config core.fileMode false`.

Kwenye WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) ni ugonjwa uleule. Herufi ya mtandao haipachikwi yenyewe, unaipachika hivi: `sudo mount -t drvfs '\\seva\miradi' /mnt/miradi -o uid=1000,gid=1000`.

---

#10 Mleta uzi

Asante sana mkuu wa #9, hilo la `uid` ndilo jibu, na ni zuri kuliko `safe.directory` kwa sababu linarekebisha umiliki wenyewe.

---

#11 Mchangiaji

Vipi sisi wa Subversion (SVN, programu nyingine ya kutunza historia ya faili)? Folda ya kazi iko Z:, kila siku ni `svn: E155004` ya kufuli, na mara nyingine `sqlite[S5]: database is locked`. `svn cleanup` inasaidia kwa muda tu.

---

#12 Mleta uzi

Tangu SVN 1.7 ya mwaka 2011, hali ya folda ya kazi inahifadhiwa kwenye hifadhidata moja ya SQLite, `.svn/wc.db`. SQLite inategemea kufuli za mfumo wa faili zifanye kazi sawasawa, na waandishi wake wenyewe wanaonya kuhusu kuitumia kwenye mifumo ya faili ya mtandao. Kwa hiyo unachokiona kilitarajiwa.

TortoiseSVN nayo inachangia: ina programu inayopaka alama kwenye aikoni, na hiyo inasoma `wc.db` muda wote bila wewe kuamrisha. Kwenye mipangilio yake ya Icon Overlays, ondoa diski za mtandao. Kisha kwenye faili ya `config` ya Subversion, sehemu ya `[working-copy]`, kuanzia 1.8 unaweza kuweka `exclusive-locking = true`. Inaongeza kasi kwenye diski za mtandao, ila programu moja tu ndiyo itakayoweza kuifungua folda kwa wakati mmoja. Kwa SVN kuhamia C: ni rahisi zaidi kuliko kwa Git, kwani repo tayari iko kwenye seva: `svn checkout` upya kwenye diski ya ndani, basi.

---

#13 Mchangiaji (wa #2)

Nimerudi. Nimeacha kutumia Administrator, nimeweka `safe.directory` kama ulivyoandika, mikwaju mitatu. Kwenye CMD sasa inakubali. Lakini programu yetu ya kujenga mradi, inayolazimika kufunguliwa kama Administrator, inaita Git na bado inapata `dubious ownership`. Njia ni ileile, na akaunti ileile.

---

#14 Mleta uzi

Endesha hii kwenye CMD ya kawaida, halafu kwenye ya Administrator, ulete majibu yote mawili:

```
git config --global --show-origin --get-all safe.directory
```

---

#15 Mchangiaji (wa #2)

Kawaida:

```
file:H:/.gitconfig      %(prefix)///seva/miradi/duka
```

Administrator:

```
file:C:/Users/mimi/.gitconfig   '//seva/miradi/duka'
```

---

#16 Mleta uzi

Hapo pamejieleza. Git ya Windows inatafuta nyumba yako kwa mpangilio huu: `HOME` kwanza, isipokuwepo, `HOMEDRIVE` na `HOMEPATH` kama folda hiyo inafikika, isipofikika, `USERPROFILE`. Kazini kwenu `HOMEDRIVE` ni H:, nayo ni diski ya mtandao. Kwenye kikao cha kawaida H: ipo, inasomwa `.gitconfig` ya huko. Kwenye cha Administrator H: haipo kama Z: isivyokuwepo, Git inarudi `C:/Users`, inakuta `.gitconfig` nyingine kabisa. Na ndani ya hiyo kuna mstari wa zamani wenye nukuu moja zilizohifadhiwa, ule mtego wa CMD.

Fungua CMD ya Administrator, andika `git config --global --edit`, futa mstari huo wenye nukuu, uweke sahihi. Jina lako na barua pepe yako vikague humohumo, yaani `user.name` na `user.email`, kwa sababu komiti zinazofanywa na programu ya kujenga zimekuwa zikisoma faili hiyo muda wote.

---

#17 Mchangiaji (wa #2)

Imekubali, mkuu. Na kweli `user.email` ilikuwa ya mtu aliyetumia kompyuta hii kabla yangu. Nimeirekebisha. Leo jioni nahamishia mradi kwenye C: na kuacha `duka.git` kule seva.